Alumini au chuma: gari gani kuukuu la porini likufundishe kazi ya bati?

Anayetafuta gari kuukuu la porini la kufufua huanza na sura. Moyo umependa Land Rover yenye gurudumu la akiba juu ya boneti, au Land Cruiser ya zamani yenye taa mbili za duara, basi, uamuzi umekwisha. Kama unataka gari la kuendesha tu na kazi ya bodi utampa fundi, fuata moyo wako. Lakini kama gari hilo ndilo litakuwa shule yako, mahali pa kujifunzia kukata, kukunja, kugonga na kuchomelea, tazama kwanza bodi imetengenezwa kwa nini. Alumini na chuma ni walimu wawili wenye tabia tofauti kabisa. Mmoja anakuonya kabla hujaharibu. Mwingine hukaa kimya mpaka kipande kimeanguka sakafuni.

Nimepitia kwa wote wawili. Nilianza na Land Rover Series III, kisha nikahamia kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 40. Leo nikiulizwa na mtu anayeanza, namwambia aanze na chuma. Sababu zangu ziko hapa chini, pamoja na hali ambazo mtu anapaswa kuupuuza ushauri huu.

Magari yenyewe

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgawo, na alumini iliyokuwa ikienda viwanda vya ndege ilikuwepo ya kutosha. Bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini na magnesiamu iitwayo Birmabright. Umbo lake la bapa na kona zilizonyooka nalo lina sababu: lilihitaji mikunjo tu, si mashine kubwa za kukandamiza. Kilichoanza kama njia ya kukwepa uhaba kikadumu. Series III iliendelea hadi 1985, na Defender iliyorithi umbo hilo ilitengenezwa hadi 2016.

Land Cruiser ya mfululizo wa 40 ilitoka 1960 hadi 1984, na bodi yake ni ya chuma. (Zile zenye paa gumu, sehemu ya juu kabisa ya paa ni faibaglasi, jambo linalowashangaza wengi wanapoanza kukwangua rangi.) Nitakayosema juu yake yanahusu pia Nissan Patrol za miaka ya 60 na 70, Jeep za Willys za wakati wa vita, na Suzuki ndogo za SJ. Zote zina bodi ya chuma iliyofungwa kwa bolti juu ya chesisi inayojitegemea, kwa hiyo unaweza kuinua bodi nzima na kuifanyia kazi peke yake.

Sasa kuna imani moja inayowaingiza watu kwenye Land Rover kwa sababu isiyo sahihi, kwamba alumini haishiki kutu. Haigeuki nyekundu, ni kweli. Lakini alumini ikigusana na chuma mahali penye unyevu, hasa wenye chumvi, umeme mdogo hupita kati ya madini hayo mawili na alumini ndiyo inayoliwa. Utaona rangi imevimba vipele, ukikwangua chini yake kuna unga mweupe, na chini ya unga kuna tundu. Angalia chini ya milango ya Land Rover: ngozi ya alumini imekunjwa juu ya fremu ya chuma, maji yanakaa humo, na vyote viwili vinakwisha pamoja.

Na hayo ndiyo madogo. Chini ya alumini hiyo kuna chesisi ya boksi inayooza kuanzia ndani, mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kubeba bodi, na ukuta wa mbele unaotenga injini na miguu ya dereva. Vyote hivyo ni chuma, na huoza kweli. Kwa hiyo anayenunua Land Rover ili akwepe kutu anajikuta kazi yake ya kwanza ya kuchomelea ni kwenye chesisi, sehemu inayobeba uzito na uhai wa walio ndani. Hapo si mahali pa kujifunzia mshono wako wa kwanza. Kwenye Land Cruiser, kazi ya kwanza inaweza kuwa sakafu, kizingiti cha mlango au ubavu wa nyuma karibu na gurudumu. Ukikosea hapo, unakata na kurudia.

Joto: hapa ndipo wanapoachana

Chuma cha bodi huyeyuka karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi. Kabla ya kufika huko hukupitisha kwenye rangi zake: kahawia, buluu, wekundu wa giza, chungwa, njano. Unaona moto unavyopanda. Una muda wa kuondoa mkono. Ndani ya wiki chache jicho linajua lenyewe kwamba bati likifika rangi fulani, sekunde moja zaidi na litatoboka.

Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, aloi zake chini kidogo ya hapo, na njiani haikuonyeshi rangi yoyote. Inabaki na weupe wake wa fedha hadi inapoachia yote kwa pamoja. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya oksidi ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi zaidi ya 2,000, ndiyo maana ndani inaweza kuwa imekuwa uji huku juu ikionekana shwari. Anayeanza hungoja dalili, na dalili haiji. Kona ya ubavu wa nyuma wa Land Rover yangu ilipotea hivyo. Nilikuwa nasubiri iwe nyekundu.

Ongeza na haya: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, na husafirisha joto kwa kasi zaidi. Ukianza kuchomelea inakunyima, kwa sababu joto linakimbilia kwenye bati lote. Bati lote likishapata joto, mashine iliyokuwa imewekwa sawa dakika moja iliyopita sasa ni kali mno. Fundi mzoefu huondoa mguu kwenye pedali inayopunguza moto wa mashine, bila kufikiri. Anayeanza hutoboa.

Lakini hata chuma kina somo lake la joto, na ni somo linalostahili kueleweka vizuri kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Ukipasha sehemu moja ya bati, sehemu hiyo inataka kutanuka. Bati baridi linaloizunguka linakataa kusogea. Basi ile iliyopata moto, kwa kuwa imelainika, inajibana na kunenepa pale pale. Ikipoa, inasinyaa. Mwisho wake mshono ni mfupi kuliko ulivyokuwa, na bati lililobaki halina pa kupeleka ziada yake isipokuwa kuvimba juu au kuzama chini.

Nilijifunza hilo kwenye sakafu ya dereva ya Land Cruiser. Nilikata sehemu iliyooza, nikaweka kipande kipya kilichokaa vizuri, nikachomelea upande mzima kwa mstari mmoja bila kupumzika. Mshono ulikuwa mzuri kuutazama. Asubuhi yake nilipobonyeza katikati kwa kidole gumba, sakafu ikaruka na kulia kama kitako cha debe.

Na hapa ndipo chuma kilipojipatia heshima yangu. Kosa lile lilirekebishika. Niliweka chuma kizito nyuma ya mshono, nikaugonga mbele kwa nyundo bapa polepole kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila pigo likaurefusha mshono kidogo. Baada ya saa moja na nusu debe lilinyamaza. Kipande cha alumini kilichodondoka hakina saa moja na nusu ya kukirudisha.

Nyundo

Kwenye kugonga, alumini inashinda kwa namna fulani, na nisingependa kuificha. Ikiwa imelainishwa, alumini hutii nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga kwa urahisi unaofurahisha. Unaona umbo likizaliwa chini ya mkono wako kwa mapigo machache. Chuma cha unene uleule kingetaka nguvu na muda mrefu zaidi. Mtu anayetaka kujifunza kuunda maumbo ya mviringo, vifuniko vya matairi na kona laini, ataonja mafanikio mapema zaidi kwenye alumini.

Shida ni kwamba alumini hukakamaa kadiri unavyoigonga, na ikikakamaa sana inapasuka ukingoni. Kwa hiyo ni lazima kuilainisha katikati ya kazi. Mbinu ya zamani ni kupaka sabuni ya mche juu ya bati, kisha kupitisha moto wa gesi kwa upole na kwa kusogeza mkono. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokoza, karibu nyeusi, ondoa moto. Sabuni ndiyo inayokupa ile dalili ambayo alumini yenyewe inakunyima. Nakumbuka furaha ya siku ya kwanza mbinu hii iliponifanyia kazi.

Chuma nacho hukakamaa, ila kwa bati la bodi huhitaji kuwaza hilo mara nyingi. Unachohitaji kujua ni aina mbili za pigo. Ukigonga bati likiwa limebanwa moja kwa moja kati ya nyundo na kile chuma kizito cha nyuma, ambacho mafundi wengi hukiita doli, bati linakuwa jembamba na kutanuka. Ukiweka doli chini ya bonde na kugonga kilima cha pembeni yake, bati linajisawazisha bila kutanuka sana. Wengi wanaoanza hugonga kwa aina ya kwanza kila mahali, bati linazidi kutanuka, nao wanazidi kugonga. Anza na pigo la pili. Asilimia kubwa ya mibonyeo ya gari la porini ni bati lililosukumwa, halijatanuka bado.

Lililotanuka kweli linarudishwa kwa moto. Pasha doa la ukubwa wa sarafu mpaka liwe jekundu, ligonge kwa wepesi pande zote likiwa bado na joto, kisha lipoze kwa kitambaa kilicholowa. Mbinu hii ni ya chuma. Usiijaribu kwenye alumini kwa kungoja wekundu, umeshajua kwa nini.

Mashine ya kuchomelea

Uchaguzi wa gari unabeba uchaguzi wa mashine, na wengi hawalioni hilo mpaka wameshanunua vyote viwili.

Mashine ya elektrodi ile ya kawaida iweke kando. Ni nzuri kwa chuma cha milimita 3 na kuendelea. Bati la bodi ni karibu milimita 0.8 hadi 1.2, na hapo elektrodi itakutobolea mashimo hadi ukate tamaa.

MIG, mashine inayochomelea kwa waya mwembamba unaolindwa na gesi, ndiyo ninayompa anayeanza na chuma, bila kusitasita. Waya inajisukuma yenyewe, mkono mmoja unaongoza, mkono wa pili unatulia. Tumia waya wa milimita 0.6 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kabonidioksidi. Ile waya yenye unga ndani isiyohitaji gesi huwaka kali zaidi na kurusha cheche nyingi, kwenye bati jembamba inatesa. Usichore mstari. Piga nukta moja, ruka sentimita chache, piga nyingine, nenda upande wa pili, rudi ujaze katikati. Gusa bati kwa mkono: kama huwezi kuacha kiganja hapo, ngoja. Kungoja huku ndiko kulikokosekana siku ile ya sakafu yangu.

Udhaifu wa MIG ni kwamba mshono wake ni mgumu kuliko bati lenyewe na hukaa juu kama mgongo. Ni lazima uusage kwa grinda kabla ya kuugonga, na ukisaga kwa pupa unapunguza bati la pembeni na kulitia joto upya. Kwa sakafu na sehemu za ndani haidhuru. Kwa mlango au ubavu utakaoonekana, inachosha.

Gesi, yaani oksijeni na asetilini, hutoa mshono laini unaogongeka kama bati lenyewe. Moto wake hufika karibu nyuzi 3,100, lakini huenea kwa upana na kupindisha bati zaidi ya MIG. Wazee wa kazi hii hawakujali, kwa sababu walijua kugonga mshono ungali na joto. Faida yake kubwa kwa mwanafunzi ni kwamba seti moja inachomelea, inalainisha alumini, inasinyaza chuma na kufungua bolti zilizoganda. Masharti yake hayana mjadala: mtungi wa asetilini husimama wima, presha ya asetilini haizidi bari 1, vizuia moto wa kurudi viwepo kwenye mipira yote miwili, na grisi au oili isikaribie kabisa vifaa vya oksijeni.

TIG, ambapo sindano ya tungsteni huwasha moto wa umeme na wewe unaongeza waya kwa mkono wa pili, ndiyo safi kuliko zote. Joto linakaa mahali padogo, mshono ni bapa na laini. Kwa chuma unatumia umeme wa mkondo mmoja, kwa alumini unahitaji mashine yenye mkondo geu, ambao huvunja ile ngozi ya oksidi. Mashine nyingi ndogo za TIG hazina mkondo geu, kwa hiyo mwenye Land Rover asome maelezo mara mbili. TIG inataka mikono yote miwili, mguu, na bati lililosafishwa kama sahani. Mabaki ya kutu, rangi au kidole chenye mafuta, mshono unachemka. Bodi ya gari lililoishi porini miaka 40 haina usafi huo bila kazi kubwa.

Kwa hiyo mwenye chuma anaweza kuanza na mashine moja rahisi na kufika mbali. Mwenye alumini anahitaji mashine ngumu zaidi kujifunza, na bado atahitaji kuchomelea chuma cha chesisi.

Kuna upande mwingine, na ni haki niuseme. Land Rover haikuunganishwa kwa kuchomelewa tu. Vipande vingi vimeshikwa kwa ribiti na bolti, na vingi vinafunguka. Madigadi ya mbele unayatoa kwa spana. Mtu anaweza kufanya sehemu kubwa ya bodi hiyo kwa mkasi wa bati, drili na ribiti, bila kuwasha moto kabisa. Kwa asiye na umeme wa kutosha au mahali salama pa kuchomelea, hiyo ni sababu nzito ya kuchagua alumini. Weka rangi au utepe kati ya alumini na chuma kila unapofunga, vinginevyo umeme ule wa unyevu unaanza tena siku hiyohiyo.

Kupandanisha au kugusisha kingo

Unapoweka kiraka unaweza kukipandisha juu ya bati la zamani, au kukata vyote viwili vikutane ukingo kwa ukingo. Kupandanisha ni rahisi: pengo halionekani, bati ni mara mbili, halitoboki haraka. Lakini kati ya tabaka hizo mbili kunabaki mfuko mwembamba ambao huwezi kuupaka rangi, maji huingia, na baada ya miaka michache mstari wa kutu unatokea pale pale. Ukingo kwa ukingo ni kigumu, unaacha pengo la karibu milimita 1 na kulishikilia kwa vibano vidogo.

Sakafu isiyoonekana, ikiwa utaziba kingo zake kwa mpira wa kuzibia juu na chini, naikubali ipandanishwe. Ubavu na mlango, hapana. Hata hivyo jifunzie ukingo kwa ukingo kwenye sakafu, ili ukifika mlangoni mkono uwe umezoea.

Kununua kipande au kukitengeneza

Magari yote mawili yanapendwa duniani, kwa hiyo vipande vipya vya bodi vinatengenezwa hadi leo. Kishawishi ni kununua kila kitu. Lakini ukinunua kila kitu umejifunza kuchomelea tu, na kazi ya bati ni zaidi ya hapo.

Mimi napima kwa karatasi ngumu. Lifunike eneo lililooza kwa karatasi na ujaribu kuilaza. Kama inalala bila kujikunyata, hata ikiwa na mkunjo au mviringo wa upande mmoja, kitengeneze mwenyewe. Karatasi hiyohiyo ndiyo kiolezo chako. Kama inakunjamana, umbo lina mviringo wa pande mbili na linahitaji bati kutanuliwa au kusinyazwa, basi nunua, angalau gari hili la kwanza. Land Rover karibu yote inapita kipimo cha karatasi. Land Cruiser inapita kwenye sakafu na vizingiti, inafeli kwenye kona za nyuma na kwenye fremu ya kioo cha mbele.

Unene usiubahatishe. Safisha mahali pazima, pima kwa kalipa, kisha tafuta bati la unene huo. Kiraka kinene kuliko bati la jirani kinavuta joto na kumwachia jirani kutoboka.

Kusafisha, na hatari zinazojificha

Magadi makali yanayotumika kuondoa rangi kwenye chuma hula alumini na kutoa haidrojeni inayowaka. Kupuliza mchanga kwa presha kubwa hupindisha bati bapa la aina zote mbili, huku alumini ikiumia zaidi. Brashi ya waya iliyogusa chuma isiguse alumini, inaacha chembe za chuma zitakazoota kutu humo. Na usikusanye vumbi la grinda la alumini pamoja na la kutu kwenye chombo kimoja: mchanganyiko huo ukishika cheche huwaka kwa moto mkali mno.

Mengine yanahusu magari yote. Vipande vilivyopakwa zinki, kama kingo za kijivu zinazofunika juu ya mbavu za Land Rover, vikichomelewa hutoa moshi unaoleta homa. Kwangua zinki kwanza na fanya kazi penye hewa. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini usiitumie kabisa karibu na kuchomelea, mvuke wake ukikutana na arki, ule mwale wa umeme wa kuchomelea, hugeuka sumu ya mapafu. Tangi la mafuta litoke nje ya gari. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Puti

Kwa puti ya kisasa, juu ya bati lililosafishwa, tabaka la milimita 2 au 3 mwisho. Inafyonza unyevu, kwa hiyo usiizibie tundu. Risasi ya kuyeyusha iliyotumiwa zamani haifyonzi maji na hudumu, lakini vumbi lake ni sumu na anayeanza hana haja nayo. Alumini haishikiki kwa risasi hiyo kwa njia za kawaida, hivyo mwenye Land Rover hana uchaguzi hapo.

Nani achukue lipi

Chukua chuma kama unataka kujua kuchomelea na kunyoosha kwa mapana yake, kama unafanya kazi peke yako bila fundi wa kukusimamia, na kama unajua utakosea mara nyingi. Chukua alumini kama una mtu karibu anayejua TIG, au kama moyo wako uko kwenye kuunda maumbo na kufunga kwa ribiti kuliko kwenye moto, au kama chesisi na ukuta wa mbele wa gari unaloliona vimeshabadilishwa na mtu anayeaminika. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Land Rover yenye chesisi nzima na alumini iliyobonyea vibaya ni shule nzuri. Yenye alumini inayong'aa na chesisi iliyooza, mwachie mwingine.

Siku ya kwenda kulitazama gari beba sumaku, bisibisi kuukuu na tochi. Kwenye Land Cruiser pitisha sumaku chini ya milango, kwenye vizingiti na kwenye mbavu za nyuma. Inapoacha kushika pana puti. Kwenye Land Rover sumaku haikusaidii juu, kwa hiyo lala chini. Gonga chesisi kwa mpini wa bisibisi na usikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kigae. Chunguza boksi la nyuma kabisa, mikono inayobeba bodi, na mahali pa miguu upande wa abiria ambapo kapeti huficha maji.

Kisha fungua milango yote na uifunge. Tazama pengo kati ya mlango na nguzo, juu na chini, upime na uandike, hata kama unakusudia kubadilisha milango hiyo. Ukifika siku ya kukata kizingiti kilichooza, chomelea kwanza vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, kutoka nguzo hadi nguzo, ukitumia vipimo hivyo. Bodi isiyo na kizingiti hujilaza polepole bila kutoa sauti, na ukiichomelea ikiwa imelala, mlango hautafunga tena.